Kundi la Siri Hulipwa na Nani?



Kwa muda wa miezi minne sasa, kila Jumamosi baada ya sala ya Isha, ukumbi wa nyumba yangu hapa Mombasa umekuwa makao ya kundi la siri la kuwinda mazimwi. Wanachama wake ni watano: wanangu watatu na watoto wawili wa dada yangu, wote wamekwisha kumaliza skuli ya upili. Mazimwi hayo yamo katika maneno tu, na kundi lenyewe pia limo katika maneno. Lakini suala la fedha lililozuka katika mchezo huo limenishughulisha kuliko mazimwi, na ndilo nitakalo kulieleza leo, kwa kuwa naona linamhusu kila mzazi.

Michezo ya aina hii ilianza Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Hapana mshindi ndani yake. Mmoja huwa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia hujichukulia mhusika na kusema afanyalo mhusika huyo. Likitokea jambo lisilo na hakika, dadu huamua. Babu yao hapendi kuona dadu nyumbani, ijapokuwa hapana kamari wala senti inayowekwa. Basi watoto wameandika namba kwenye vikaratasi, 0 mpaka 9, wakavitia katika vikombe viwili vya kahawa. Kikombe kimoja hutoa makumi na cha pili hutoa mamoja, na mchezo huendelea.

Katika Dungeons & Dragons ya mwanzo fedha haikuwa tabu. Wawindaji waliingia mapangoni, wakaliua dubwana, wakachukua dhahabu yake, na dhahabu hiyo hiyo ndiyo iliyowapandisha daraja. Watoto wangu walichagua mchezo mwingine, Delta Green, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka 1997, na kanuni wanazozifuata ni zile zilizoanza kutolewa 2016. Hadithi yake imo Marekani. Wahusika ni wapelelezi, madaktari, wanajeshi na wanasayansi. Mchana wana kazi zao za kawaida. Kwa siri hukutana kupambana na vitisho visivyo vya dunia hii. Inasimuliwa kwamba kundi hilo lilikuwa la serikali mpaka 1970, lilipovunjwa baada ya operesheni iliyokwenda vibaya huko Kambodia. Waliosalia wakaendelea bila ruhusa na bila bajeti. Kitabu si cha watoto wadogo, wala mzazi asikikabidhi kwa mtoto wa miaka kumi kwa kudhani ni ngano za kulalia.

Usiku wa kwanza niliwasikiliza kutoka jikoni. Silaha zifichwe wapi? Nani aambiwe, nani asiambiwe? Pesa zipite mkononi mwa nani? Katika mji mwingine maneno hayo huenda yakamchekesha mama. Hapa petu wako akina mama ambao vijana wao waliondoka nyumbani kwa siri, wengine wakavushwa mpaka Somalia kwa ahadi ya kazi au ya kuitetea dini. Wako wengine ambao watoto wao walichukuliwa usiku na watu wasiojitambulisha, na mpaka leo hawajui waulize mlango gani. Mama wa Pwani akisikia «kundi la siri» nje ya chumba, chai humpoa mkononi. Nikachukua kiti, nikaenda kukaa nao.

Binti yangu mkubwa akanigeukia. «Mama, wewe ni mweka hazina. Kundi la siri hupataje pesa?»

Swali lilikuwa la haki. Nimeshika daftari la chama chetu cha wanawake kwa miaka kumi na moja, nami najua kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nikawataka waniambie njia walizozifikiria, tuzipime moja moja.

Njia ya kwanza ilikuwa kuchukua vitu kazini. Binti yangu alikuwa daktari wa hospitali huko Baltimore. Alikusudia kutoa dawa ghalani kwa ajili ya majeruhi wa kundi. Nikamuuliza ni nani atiaye sahihi ya ghala. Akajibu kwamba ni karani. «Basi mwisho wa mwezi dawa zikipungua, atakayeulizwa ni karani.» Mpwa wangu, ambaye ndiye msimulizi, aliliandika hilo kimyakimya, na baada ya Jumamosi mbili karani huyo wa hadithini akafukuzwa kazi, ana watoto watatu.

Njia ya pili ilikuwa kumtafuta tajiri mmoja agharimie yote. Hapo nikawauliza: tajiri huyo akiwa na ugomvi na mtu, akawaambia kwamba adui yake ni zimwi, ni nani miongoni mwenu atakayethubutu kumbishia? Wakatazamana.

Njia ya tatu ilinichekesha. Walitaka kufungua kampuni ya kuua mende na panya, ili wawe na sababu ya gari, madawa na kuingia majumba ya watu usiku. Ni hila nzuri, lakini kampuni hutaka hesabu, nayo ingekuwa na daftari mbili: la kuwaonyesha watu wa kodi na la kweli. Atakayezishika zote mbili atakuwa na wanachama wote kiganjani mwake. Siku akikasirika, kundi limekwisha.

Wakaangukia njia ya nne, waliyoiona safi kuliko zote: kila mtu atoe mfukoni mwake. Hakuna aibiwaye, hakuna adanganywaye. Na hapa ndipo mchezo wenyewe ulipofanya kazi ambayo mimi nisingeiweza kwa mawaidha.

Katika Delta Green kila mhusika ana karatasi yake. Pamoja na nguvu na ujuzi, huandikwa pia mafungamano yake: mke au mume, mtoto, mzazi, rafiki wa utotoni, na kila fungamano lina namba. Mhusika akitumia fedha zake kupita kiasi kwa ajili ya kundi, namba hizo zinaweza kushuka. Kuna kanuni nzito zaidi. Mhusika akiona jambo la kutisha, utimamu wa akili yake hupungua. Naye ana ruhusa ya kujinusuru kwa kulitupa sehemu ya pigo hilo juu ya mtu ampendaye. Akili yake hupona kidogo, na fungamano hupungua kwa kiasi hicho hicho. Namba ikifika sifuri, fungamano limekatika.

Mwanangu wa kiume alikuwa afisa wa forodha bandarini, mwenye mke na binti mdogo. Wiki ya kwanza alilipia gari. Ya pili alilipia chumba cha kukutania. Mke alipouliza akiba imekwenda wapi, alijibu kwamba amemkopesha rafiki. Kila aliporudi kutoka kwenye uwindaji, alichagua kuilinda akili yake na kulipunguza fungamano la mkewe, kwa sababu, alivyosema, «yeye yuko nyumbani, yuko salama.» Mwezi wa tatu vikombe vikatoa namba mbaya, na kwenye karatasi yake, mbele ya jina la mke, pakaandikwa sifuri. Msimulizi akaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba afisa alirudi alfajiri, akakuta kabati limefunguliwa na vitanda viwili vimetandikwa.

Mdogo wake akasema, «Lakini ameuokoa mji mzima.»

«Mkewe hajui,» akajibu mwanangu. Akaishika kalamu kwa muda, hakuandika kitu.

Hapo tukazungumza mpaka saa sita ya usiku, na wao ndio waliozungumza zaidi. Niliwaeleza kwamba siri si jambo baya lote. Katika chama chetu, mwanachama akifikwa na dhiki, msaada humfikia bila wengine kujua jina lake. Lakini watu watatu huzihesabu fedha hizo pamoja na kutia sahihi, na mwanachama yeyote anaweza kuomba daftari akaona kiasi kilichotoka na siku kilipotoka. Tunamsitiri mpokeaji, hesabu hatuisitiri. Kundi la kina afisa lilifanya kinyume: wanachama walijuana wote kwa majina na sura, ila hapakuwa na ajuaye jumla ya fedha wala yaliyopotea nyumbani kwa mwenzake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya kundi lile ilikuwa mke aliyeachwa na nyumba tupu.

Binti wa dada yangu akauliza kama anayewavuta vijana wa kweli huanza na pesa. Nikamjibu kwamba, kwa yale niliyoyasikia kwa mama waliofikwa, neno la mwanzo mara nyingi huwa jepesi kuliko pesa. Huwa ni «usimwambie mama kwanza.» Mwanangu akasema kwamba hata msimulizi alimwambia afisa maneno hayo hayo siku ya kwanza ya mchezo, naye akayakubali bila kufikiri, kwa kuwa kazi ilionekana njema.

Basi sijaufunga mchezo, wala sijaondoa kiti changu ukumbini. Wameanza hadithi mpya, na safari hii kundi lina mweka hazina, lina daftari moja, na wamekubaliana kwamba kila mhusika awe na mtu mmoja nyumbani ambaye hatadanganywa. Msimulizi analalamika kwamba nimemharibia vitisho vyake.

Kwa mzazi mwenzangu nina maombi mawili. Ukisikia watoto wako wakipanga mambo ya siri, ya mchezo au ya kweli, usianze kwa kufoka; vuta kiti, kaa, uliza nani anayelipa na ni nani awezaye kuliona daftari. Na wafundishe wangali wadogo kuuliza maswali hayo wao wenyewe, kwa kila mtu atakayewaita katika jambo jema kwa kunong'ona. Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Wassalaam.