Siku Nne Bagamoyo na Mtoto wa Miaka Miwili

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda Bagamoyo kutoka Dar es Salaam, fika kituo cha Makumbusho asubuhi na mapema, nawe ukae upande wa kushoto wa gari, kwani jua la asubuhi huchoma upande wa bahari. Safari ni ya kiasi cha kilomita 70. Utapita Tegeta na Bunju, utavuka mto Mpiji na kuingia mkoa wa Pwani, kisha zitafuata Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo, na minazi itazidi kuongezeka kando ya barabara.

Mtu mzima anayesafiri peke yake hana haja ya maelezo zaidi ya hayo. Lakini mimi sikuwa peke yangu. Nilikuwa nimempakata mwanangu wa kiume, umri wake miaka miwili na miezi minne, naye tangu Makumbusho hadi Bunju alilia akimwita mama yake, huku akinisukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. Mama mmoja wa makamo aliyeketi nyuma yetu alivumilia hata akashindwa. Akaniinamia na kuniuliza kwa upole uliochanganyika na shaka, "Samahani baba, huyu mtoto ni wako?"

Nilijibu kuwa ni wangu. Jibu langu halikumridhisha, na sikuweza kumlaumu. Nafanya kazi kiwandani kwa zamu. Nikiwa zamu ya asubuhi hutoka nyumbani saa 11 alfajiri, mtoto angali amelala. Nikiwa zamu ya pili hurejea usiku, naye amekwisha kulala. Jumapili hulala mimi. Akinisumbua, nilikuwa na desturi ya kumpa simu atazame picha zinazocheza, nami nikaendelea kulala. Basi mama yake alipoitwa Tanga ghafula kumwuguza mzazi wake, nikaomba likizo ya siku 7, na usiku wa kwanza tu nikagundua kwamba sijui mwanangu huimbiwa nini ili alale. Asubuhi yake nikafunga mfuko, nikaelekea kwa mama yangu Bagamoyo.

Bagamoyo, kama ujuavyo, ina mengi ya kumwonyesha mgeni. Ziko nyumba kongwe za mawe zenye milango ya nakshi. Iko misheni ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Iko taasisi ya sanaa, iliyoanza mwaka 1981 kama chuo, ambako jioni husikika ngoma. Na kusini kidogo ya mji yako magofu ya Kaole, misikiti miwili na makaburi ya kale. Nilikuwa nimepanga kumtembeza mwanangu huko kote. Nisikie mimi, ndugu msomaji: mtoto wa miaka miwili hatembezwi magofu. Kaole alipendezwa na mjusi mmoja tu, na mjusi alipoingia katika ufa wa ukuta, ziara ikawa imekwisha.

Mama yangu anakaa nyuma ya mji, mahali penye minazi na mipapai. Shughuli yake ni kusuka ukili, naye huketi barazani toka asubuhi, miguu ameinyoosha, miyaa imelala ubavuni mwake. Macho yake yameanza kuingia ukungu wa mtoto wa jicho, lakini vidole vyake haviulizi macho. Alipotuona alicheka. "Karibu mume wangu," alimwambia mjukuu wake, kama wafanyavyo mabibi wa pwani. "Na huyu dereva wako naye mkaribishe."

Siku ya pili niliazimia kumfurahisha mtoto. Katika utoto wangu nilisifika mtaani kwa kuunda magari ya makopo, nikaona sasa ndiyo nafasi ya kumwonyesha mwanangu baba yake ni fundi gani. Nikatafuta kopo tupu la mafuta, nikalipasua, nikalikunja likawa bodi la basi. Magurudumu nilikata katika kandambili zilizokwisha, ekseli nikapata katika njiti za gurudumu bovu la baiskeli. Nilifanya kazi toka asubuhi hadi adhuhuri. Kila mtoto aliposogea nilimwambia, "Ondoka, utajikata." Aliyejikata ni mimi, kidole gumba, na hadi leo kovu lipo.

Gari lilikuwa zuri. Hilo nalisema bila unyenyekevu. Mwanangu alilitazama mara moja. Kisha akaokota kizibo cha soda, akakitia katika kopo la pili ambalo sikulitumia, akakitoa, akakitia tena, akisikiliza mlio wake. Alifanya hivyo muda mrefu, na hata hakugeuka kunitazama. Nikamnyang'anya kopo lile kwa sababu ya makali yake, akaangua kilio.

Mama hakuinua uso katika ukili wake. "Gari hilo umejiundia mwenyewe," alisema. "Yeye umemfukuza tangu asubuhi."

Nilinyamaza. Nilikumbuka kwamba magari yangu ya utotoni niliyaunda nikiwa na miaka minane au tisa, na hakuna mtu mzima aliyekaa karibu yangu. Mtoto wa miaka miwili ni kiumbe mwingine. Hana haja na kitu kilichokamilika. Yeye hutaka kukishika kikiwa bado hakijawa kitu.

Jioni ile mama aliniagiza kuti bichi. Nilipolileta akaniamuru kuketi chini, mkekani, si juu ya kiti. Akamweka mjukuu wake katikati yetu, akampa jani moja la kuti na kumwonyesha jinsi ya kulichana toka juu hadi chini. Mtoto alichana kombo. Mama akalipokea jani lile la kombo kwa heshima, akalitumia lilivyo. "Hili kuti. Hii chelewa. Hiki kisu cha bibi, hakishikwi." Alirudia maneno hayo kila mara, polepole, hata mtoto akaanza kuyafuata, "tuti," "telewa." Mimi nilizoea kumsikia akisema maneno matatu manne tu kwa siku, na kwa siri nilikuwa nimeanza kuingiwa na hofu. Kumbe sikuwa nampa la kusema.

Kitu walichofanya ni pangaboi la makuti, nawe waweza kulifanya leo hii iwapo kuna mnazi karibu nawe. Chukua majani mawili mabichi, uyatoe chelewa zake na kuziweka kando. Kata kila jani liwe na urefu wa shibiri moja na nusu hivi, ulikunje katikati. Yapitishe kila moja katika mkunjo wa mwenzake, kisha uvute ncha taratibu mpaka yakazane na kufanya fundo lenye mikono minne. Toboa fundo katikati kwa chelewa, na ncha itakayotokeza mbele uikunje ili pangaboi lisichomoke. Huo mkunjo usiuache kwa uvivu: ncha ya chelewa ni kali, na jicho la mtoto liko karibu na mikono yake. Mkono wa kushikia ni bua la jani la mpapai, kwa kuwa lina uwazi ndani. Chelewa ikitumbukizwa humo huzunguka bila kukwama. Bua lioshe kwanza likauke utomvu, kwani utomvu wa mpapai huwasha ngozi. Kukunja na kutoboa ni kazi yako. Kuchana, kuvuta ncha na kutumbukiza chelewa katika bua ni kazi ya mtoto, hata ikichukua robo saa, na hata ukiona mikono yako inawasha kwa hamu ya kumsaidia.

Pangaboi lao la kwanza lilikuwa na mikono mitatu mirefu na mmoja mfupi. Upepo wa bahari ulipovuma lilizunguka kwa kuchechemea, mtoto akakimbia nalo uwanjani akipiga kelele. Baadaye upepo ukatulia. Akasimama, akalitazama. Akanigeukia mimi, si bibi yake, akaja hadi magotini pangu, akaliinua usoni mwangu.

"Puliza," alisema.

Nikapuliza. Nilipuliza hata nikapata kizunguzungu, na kila nilipopumzika aliniambia tena. Ndugu msomaji, nina miaka 11 kazini na nimewahi kupewa cheti cha mfanyakazi hodari. Sidhani kama siku ile ya cheti nilivimba kichwa kama jioni ile.

Tangu hapo mambo yalikwenda yenyewe. Kutokana na kuti lile lile mama alitufundisha saa ya mkononi na miwani isiyo na vioo. Hali kadhalika zumari, ambalo ni jani refu lililoviringwa toka mdomo mwembamba hadi mdomo mpana na kupigiliwa chelewa lisifunguke. Zumari langu lilikataa kulia. La mama lililia kama bata. Mabua ya mpapai yaliyosalia tuliyachovya katika povu la sabuni tukapeperusha mapovu, lakini hili silisifu sana, kwa kuwa mwanangu alivuta badala ya kupuliza, akatapika. Ngoja hadi mtoto ajue tofauti ya kuvuta na kupuliza. Mbegu pia ziweke mbali. Nilitaka kumtengenezea kayamba la mbegu za mkwaju, mama akanikataza: mtoto wa umri huo hupima kila kitu kwa mdomo, na mbegu moja yatosha kumziba koo.

Hata hivyo shughuli aliyoipenda kuliko zote haikuwa mchezo. Miyaa mikavu haisukiki. Sharti iroweshwe kwanza ili iwe laini isikatike. Mama alimwekea beseni la maji ya kina kifupi na kumpa cheo cha kurowesha. Alitumbukiza, akakandamiza kwa viganja, akasubiri, akatoa uti mmoja mmoja na kumpa bibi yake, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Nusu saa nzima. Mimi nilikaa karibu na beseni muda wote, maana maji kidogo nayo huua mtoto, lakini sikuwa na la kufanya ila kutazama. Bibi alikuwa akifanya kazi yake ya riziki, na mtoto alikuwa ndani ya kazi ile.

Nilimwuliza mama nani atasuka macho yake yakifunga. Dada zangu wote wawili wako mjini, na hakuna aliyejifunza. Mikeka ya plastiki imejaa madukani kwa bei ambayo ukili hauwezi kushindana nayo. Mama alikaa kimya, kisha akasema wanaume hawasuki, akacheka, akanipa ncha ya ukili wake nishike wakati yeye anapima kwa mkono. Sikujua kama lilikuwa jibu. Kabla ya kuondoka nilimwomba tupange siku ya kumpeleka kwa daktari wa macho. Alikubali kwa sharti kwamba mumewe amsindikize.

Siku ya tatu tulishinda pwani, mahali wanapotengenezea vyombo. Mafundi walikuwa wakikalafati mashua, wakipigilia pamba yenye mafuta katika mianya ya mbao, nyundo zao zikilia kwa mpigo mmoja. Mwanangu aliokota vijiti viwili akapiga jiwe kwa kuwafuatisha, na fundi mzee akampungia mkono kama amwonavyo mwenzake. Kwa karara kavu la mnazi tuliunda ngalawa. Karara lenyewe tayari lina umbo la chombo. Tulilolifanya ni kulifungia vijiti viwili vya mirengu na kusimamisha jani la mkungu liwe tanga. Mtoto aliweka kizibo chake cha soda ndani, abiria. Maji yalikuwa yakitoka, na ngalawa ikatoka nayo. Nilikunja suruali kuifuata, nikidhani atalia. Hakulia. Aliipungia mkono mpaka isionekane, kisha akataka tuunde nyingine.

Njia ya kurudi alilala mapajani mwangu toka Kiromo. Pale Mikocheni, karibu na mwisho wa safari, nilikumbuka kwamba jina la mahali hapo latokana na mikoche, mti ule ule ambao makuti yake husukwa. Nimepita hapo maelfu ya mara na sikuwahi kuufikiri.

Pangaboi halidumu. Siku ya pili baada ya kurejea mjini lilikuwa limekauka na kujikunja, na mtoto akaniletea, akaniambia nipulize, likakataa. Nilizunguka mitaa mitatu kutafuta kuti bichi hadi jirani mmoja mwenye mnazi uani akanikubalia nikate. Tulikaa sakafuni. Alichana kombo, nikalipokea. La kwangu lilikuwa baya kuliko la bibi yake, fundo lilifunguka mara mbili, naye alisubiri akiwa ameshika chelewa kwa vidole viwili kama nilivyomwelekeza.

Mama yake amekwisha kurudi, na mimi nimerudi kwenye zamu. Majani niliyokata nimeyafunga katika kitambaa chenye unyevu ili yasikauke upesi. Jana saa 10 na nusu alfajiri, nikivaa viatu gizani, nilisikia nyayo ndogo nyuma yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu usingizini, na jani mkononi. Nilikuwa na dakika 15. Niliketi chini.