Mbuzi wa Nakivale na Miezi Mitano ya Mimba

Msafiri aondokaye Mbarara kwa njia ya Isingiro huvuka kwanza vilima vilivyofunikwa na migomba, kisha huteremka kwenye nyika kavu ya migunga kando ya Ziwa Nakivale. Hapo ndipo yalipo makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950, yakiwapokea Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi na Wasomali, na Kiswahili ndicho kinachowapatanisha wengi wao sokoni.

Ardhi ya kila kaya ni ndogo mno kwa ng'ombe wa Ankole. Basi hufugwa mbuzi wawili au watatu, wafungwao kamba ili wasile mihogo ya jirani. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, mbuzi huyo ndiye daftari la shule na dawa ya mtoto. Akifa akizaa, hasara ni ya nyumba nzima.

Uganda ina mbuzi wake wa asili: mdogo wa Afrika Mashariki, aenezwaye kila mahali, Mubende mweusi, ambaye ngozi yake husifiwa, na Kigezi wa manyoya marefu, aliyezoea baridi ya milimani. Katika mashamba ya upande wa Mbarara huonekana pia Boer, mgeni kutoka Afrika Kusini, mwenye mwili mweupe na kichwa chekundu. Ni mnene, naye huwatia watu tamaa. Lakini beberu mkubwa akimpanda jike mdogo, hasa mwenye mimba ya kwanza, kitoto huweza kukwama njiani. Chotara hutakiwa kwa majike yaliyokwisha kuzaa na yenye nyonga pana. Na ajuaye kustahimili ukame na majani makavu bado ni yule mdogo adharauliwaye.

Mbuzi huchukua mimba siku 150 hivi. Kitoto hukua zaidi katika majuma sita au manane ya mwisho, wakati uo huo tumbo likikosa nafasi ya majani mengi. Ndipo jike apewe chakula bora kidogo kidogo: majani ya viazi vitamu yaliyonyaushwa, pumba, chumvi ya mawe, na maji safi bila kipimo. Mwenye pacha akinyimwa huanza kuzubaa, hukataa kula, na mara nyingi hufa kabla ya kuzaa. Dawa ya minyoo naye asipewe ovyo, kwani nyingine hudhuru mimba changa. Aulizwe bwana mifugo.

Kitoto kikizaliwa kitovu kipakwe ayodini, nacho kinyonye dang'a katika saa za mwanzo.

Liko na jambo la beberu. Nakivale beberu mmoja huhudumia nyua nyingi, akaachwa miaka. Majike huweza kushika mimba wangali na miezi sita. Hivyo mwaka haujatimia tangu aanze kazi, binti zake wamekwisha kuwa tayari. Wenye busara hubadilishana mabeberu na kijiji cha mbali kabla ya siku hiyo.