Pikipiki ya Kila Siku na Pikipiki ya Mbio

Katika nyumba nyingi za wasomaji wetu yumo kijana anayetamani pikipiki. Katika nyumba yetu, huku Kyuso, shauri hilo limetushughulisha mwezi mzima. Kijana wetu amejiwekea akiba kwa miaka minne ya kazi ya duka, wala hataki mkopo wenye riba. Alichokitamani ni Yamaha R1: aiendee kazini kila siku, na siku za mbio aende nayo Athi River, kwenye uwanja wa Whistling Morans.

Hatukupenda kumkatalia kabla ya kumsikiliza, na hoja yake ya kwanza ilitunyamazisha. Alisema kuwa apendaye kasi akizuiliwa uwanjani ataitafuta barabarani, penye mbuzi, watoto watokao shuleni na malori. Ilhali uwanjani wote huelekea upande mmoja. Mamake, aliyekuwa mkali kutushinda sote, alikiri kuwa hilo ni kweli.

Basi tukakitazama chombo chenyewe. R1 ina injini ya cc 998 na nguvu zinazokaribia farasi 200. Boxer za cc 150 zinazobeba abiria hapa mjini hazifiki farasi 13. Nguvu zile hupatikana injini ikizunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, nazo njia zetu haziziruhusu. Penye maduka sheria yataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na R1 huupita mwendo huo ingali katika gia ya kwanza. Usukani wake uko chini, hata uzito wa mwili ukalemea viganja. Katika mwendo wa polepole mikono huuma, na injini hukosa upepo wa kuipoza chini ya jua la Kitui. Tumbo lake limeinuka milimita 130 tu kutoka ardhini, na matairi yake hayakuundwa kwa mchanga wa mito yetu mikavu. Kiti cha nyuma nacho ni kipande tu, hakimfai bibi anayepelekwa hospitali Mwingi.

Tukailinganisha na Honda XR150L. Tumbo lake liko milimita 243 juu ya ardhi, gurudumu la mbele ni la inchi 19, na usukani umeinuka, mpandaji akaketi wima. Haina fahari, lakini yapita kila njia tunayoipita.

Ami yake ndiye aliyelifunga shauri: mshika mbili moja humponyoka. Chombo kimoja hakiwezi kuwa cha uwanjani na cha mchangani. Tukaafikiana ianze XR, na akiba itakayosalia inunue kwanza helmeti imara, koti lenye kinga, glavu na buti. Siku akijaliwa ya mbio, na iwe ya uwanjani tu, ipelekwe huko juu ya pikapu. Kijana aliridhia, ingawa uso wake haukukunjuka, nasi hatukumlazimisha afurahi.

Kwa wazazi walio katika shauri kama letu, tungewashauri wasianze kwa kuuliza pikipiki ina kasi gani. Waulize kwanza: Jumatatu asubuhi itapita wapi, na itambeba nani?