Friwili, mota na uzi wa mshipi

Testi zimepita salama, nimerudi. Leo hakuna mapenzi wala siasa za chuo. Naongelea kidude cha chuma kinachoenea kiganjani: kifaa cha kufungulia friwili ya baiskeli ya umeme. Msicheke, kwetu Mkwaja kimekuwa habari kubwa.

Kwa wasioijua, Mkwaja iko pwani, wilaya ya Pangani, Tanga. Jirani yetu ni Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa 2005 na kuimeza ile ranchi ya zamani ya ng'ombe ya Mkwaja. Yaani tembo na nyati ni majirani, na jioni si wakati wa kukokota baiskeli porini.

Mjomba wangu anachuuza samaki kwa baiskeli ya kawaida iliyofungwa mota kwenye habu ya nyuma. Betri ikiisha anakanyaga kama zamani. Sasa friwili ikafa. Kazi yake ni kushika ukikanyaga na kuachia ukitulia. Ndani mna vikucha vidogo vyenye springi. Chumvi na mchanga vikaviua, pedeli zikawa zinazunguka bure. Kwa hiyo betri ikimwishia njiani, anakokota, na giza likimkuta huko si utani.

Friwili mpya si ghali. Shughuli ni kuitoa ya zamani. Imefungwa kwa hesi (tredi) za kulia, kwa hiyo kila unapokanyaga unazidi kuikaza. Kuifungua unataka kifaa chenye meno yanayoingia kwenye meno ya ndani ya friwili, halafu unazungusha kinyume cha saa. Fundi wetu anacho, ila tundu lake la katikati ni la ekseli ya kawaida, mm 10 hivi. Ekseli za mota ni nene, mm 12 au 14, na kwa baadhi ya mota waya nao unatokea hapo hapo. Kifaa hakipiti. Imebaki patasi na nyundo, na ukigonga vibaya unaumiza mota, au friwili inapasuka, gololi zinamwagika na kitako kinabaki kimeng'ang'ania habu. Fundi akakataa kugonga. Nilimheshimu kwa hilo.

Kipo kifaa maalumu chenye tundu pana. Lakini cha mm ngapi? Nikapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekipata?"

"Bado. Chukua uzi mwembamba wa mshipi, zungusha kwenye ekseli mara tano, kata, upime kwa rula ya mtoto."

Baadaye akanipigia: sentimita 22. Gawanya kwa 5, mm 44. Gawanya kwa 3.14, mm 14. Pai ile ile tuliyokariri sekondari! Binti yake akahesabu na meno ya ndani ya friwili: 12. Na bahati nzuri waya wa mota unatokea kushoto, friwili iko kulia.

Bumu lilikuwa limetoka, basi nikakisaka hapa Dar mpaka nikakipata, nikakituma kwa basi. Fundi akamwagia friwili mafuta, ikalala usiku kucha. Asubuhi wakakibana kifaa kwenye jiriwa, wakalaza gurudumu juu yake, watu wawili wakalishika ringi kama usukani wa lori. Kani ile ile, umbali mkubwa kutoka katikati: momenti, wanafizikia wenzangu! Ikalia kwaa, ikaachia. Kabla ya kufunga mpya akapaka girisi kwenye hesi, ili siku nyingine isigande.

Nimewaza sana. Watu wa mjini tunapenda kusema mafundi wa vijijini hawajui kazi, wanajua nyundo tu. Huyu alijua tatizo, alijua hatari, alijua hata wakati wa kuacha. Alichokosa ni milimita 4 za tundu. Tukienda kufundisha, tukumbuke hilo kabla hatujamwita mtoto mzito wa kuelewa; pengine kifaa tulichomletea ndicho hakipiti.

Kifaa kimebaki kwa fundi. Mwenye baiskeli ya mota pande zile, pima ekseli yako kwanza, halafu mwone. Mimi naenda semina, nimeshachelewa. Wiki njema!