Blauzi ya Mama na kosa la kuzidisha kwa 1.25

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu mwezi mzima. Wanaosubiri sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, poleni, itakuja. Tarakilishi yangu ni nzima, kazi ipo, na sijaacha kublogu. Nilikuwa nashona blauzi.

Ndiyo, blauzi. Nyeupe, ya kola, mikono mirefu, vifungo saba mbele. Ni ya Mama. Najua huu ni ukurasa wa mambo ya programu, lakini nivumilieni, maana katika kuishona nilifanya kosa ambalo ningemcheka mwanagenzi yeyote wa ofisini kwetu kama angelifanya yeye.

Kisa ni hiki. Mama ni mtu wa mwili. Amekuwa hivyo tangu nipate akili, na mimi nimemfuata. Kikundi cha akina mama kanisani kwao Nakuru huvaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, na miaka miwili iliyopita alienda kwa fundi mmoja mjini kushonewa mpya. Fundi alimpima kwa sauti, kila namba akimtangazia msaidizi aliyekuwa upande wa pili wa chumba, na wateja wengine wamekaa kwenye benchi wanasikiliza. Wiki mbili baadaye blauzi ikatoka, na haikufunga kifuani. Fundi akamwambia, "Mama, nguo haina shida. Shida ni mwili."

Tangu siku hiyo Mama huenda kanisani na dera, leso mabegani, na hukaa nyuma. Yeye ndiye mweka hazina wa kikundi, lakini wenzake wakiitwa mbele kuimba yeye husema magoti yanamsumbua. Magoti yanamsumbua kweli. Ila mimi nilijua.

Krismasi nilipokuwa nyumbani nikamwambia nitamshonea. Akacheka. "Kwani siku hizi umekuwa fundi? Wewe si wa kompyuta?" Cherehani ilikuwepo, Singer ya kukanyaga ya nyanya, na mshono ulionyooka naujua tangu shule. Shida ilikuwa kumpima. Alikataa kata kata. Mara chai inachemka, mara kuna mgeni anakuja. Siku ya tatu akaniambia ukweli: hataki kusikia namba.

Mafundi wetu hupima kwa inchi, na Mama anazijua inchi zake zote tangu akiwa msichana. Kila namba ana historia nayo. Basi nikageuza tepu upande wa pili, nikapima kwa sentimita, na nikaandika bila kusoma kwa sauti. Kifua, 127. Alichungulia daftari, akauliza, "Hiyo ni kubwa ama ndogo?" Nikamjibu ni namba tu. Inchi 50 ingemuumiza. Sentimita 127 haikumwambia kitu.

Sasa kosa. Nilikuwa na ruwaza nzuri ya blauzi, yaani zile karatasi zinazowekwa juu ya kitambaa kabla ya kukata. (Mafundi wengi wa kwetu hawazitumii, huchora kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, na wengine ni hodari ajabu.) Ruwaza yangu ilichorwa kwa mtu mwenye kifua cha sentimita 102. Ilikuwa katika faili ya SVG, ambayo ndani yake ni maandishi tu, nukta na mistari. Mtu wa programu akiona hivyo mkono unamwasha. 127 gawanya kwa 102 ni kama 1.25. Nikaandika mistari kumi na miwili ya Python, nikazidisha kila nukta kwa 1.25, nikaenda kulala nikijiona nimewashinda mafundi wote wa nchi hii.

Kwa bahati sikukata kitambaa chenyewe. Nilikata kwanza kwa merikani, ile pamba nzito isiyopaushwa. Nguo ya majaribio ndiyo kazi yake, na jina lenyewe linatukumbusha kwamba karne ya 19 kitambaa hicho kilikuja Zanzibar kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem, Massachusetts. Mama akavaa. Tukaangaliana.

Bega la ruwaza lilikuwa sentimita 12.5, sasa limekuwa karibu 15.6. La Mama ni 13. Mshono wa bega ulikuwa umeshuka mkononi. Mkono wa nguo uliokuwa 58 umekuwa 72 na nusu, vidole havionekani. Kola ingetosha watu wawili. Mgongoni kitambaa kimejaa upepo kama hema. Na baada ya upana wote huo, mbele kifuani bado vifungo vilikuwa vinavutana na kuachia matundu. Mama akasema polepole, "Unaona? Nilikuambia ni mwili."

Hiyo kauli ilinikaa vibaya usiku kucha. Kwa sababu kama wewe ni mtu wa programu unajua: ingizo likiwa sahihi na tokeo likawa bovu, hulaumu ingizo.

Nikarudi kwenye daftari. Nilikuwa nimempima kifua chote kwa mzunguko mmoja, 127. Safari hii nilipima kutoka mshono wa ubavu mmoja hadi mwingine, mbele peke yake na nyuma peke yake. Mbele 71, nyuma 56. Ruwaza yangu iliyokuzwa ilikuwa na 71 mbele na 66 nyuma. Yaani mbele hakuna hata sentimita ya kupumulia, na nyuma kuna kumi za bure! Jumla ilikuwa sawa kabisa. Mgawanyo ndio ulikuwa upuuzi. Mtu akinenepa mifupa ya bega hairefuki, mkono haurefuki, shingo inaongezeka kidogo tu. Kinachoongezeka ni matiti, tumbo, mkono wa juu. Mimi nilichukua kigeu kimoja nikakifanya kiongoze vyote.

Nilipoanza kusoma nikagundua kosa hilo si langu peke yangu, ni la zamani. Mwaka 1941 serikali ya Marekani ilichapisha utafiti wa Ruth O'Brien na William Shelton uliopima wanawake karibu 15,000, karibu vipimo 60 kwa kila mmoja. Waliopimwa walikuwa wa kila aina, lakini katika hesabu za mwisho waliingizwa wanawake weupe tu. Kutokana na kazi hiyo ndipo likaja jedwali rasmi la saizi la mwaka 1958, ambalo lilifutwa mwaka 1983. Mama hakuwa kwenye sampuli, kwa kifupi. Hata ruwaza za kununua za kampuni kubwa za huko, kina Simplicity na McCall's, kwa miaka mingi zimechorwa zikimchukulia kila mwanamke kuwa anavaa sidiria ya saizi B, awe mwembamba au wa mwili. Hilo ni dhanio lililofichwa ndani ya msimbo, na hakuna aliyeandika maelezo pembeni.

Dawa yake inajulikana na washonaji wa nyumbani tangu zamani. Unapima mara mbili: kifua cha juu, tepu ikipita chini ya kwapa na juu ya matiti, kisha kifua kamili penye unene. Mama ni 114 na 127. Tofauti ni 13. Ruwaza inadhani tofauti ni kama 5. Kwa hiyo huchagui saizi kwa kifua kamili, unachagua kwa mifupa: 114 kuongeza 5 ni 119. Unachukua ruwaza ya 119, ambayo bega na shingo yake vinakaribia vya Mama, halafu zile sentimita 8 zilizobaki unaziweka mbele tu, mahali zinapohitajika. Ruwaza ya mbele ni nusu ya mbele, kwa hiyo 4 kila upande.

Zinawekwaje? Hapa ndipo nilipofurahi kama mtoto. Unatia alama penye ncha ya titi kwenye karatasi. Unakata kutoka pindo la chini ukipanda wima hadi kwenye alama, kisha unakata kuelekea kwapani, lakini unaacha milimita mbili tatu bila kukata ili karatasi ibaki na bawaba. Unakata tena kutoka ubavuni hadi kwenye alama. Sasa unavuta. Karatasi inafunguka kama mlango, sentimita 4 penye alama, na ubavuni pengo la pembetatu linajifungua lenyewe. Hilo pengo ndilo dati, ule mkunjo uliochongoka ambao mafundi hushona ili kitambaa bapa kipate tumbo. Mbele inakuwa ndefu pia, kwa sababu kitambaa kinachopanda kilima kinahitaji urefu zaidi ya kinachopita tambarare. Upande wa vifungo unaukata na kuushusha hadi pindo lilingane.

Bega halijaguswa. Shingo haijaguswa. Nyuma haijaguswa. Kwa mtu aliyezoea kubadilisha kitu kimoja na kuvunja vitano, ni raha isiyo na mfano.

Vitabu vinasema upana unaoongezeka kiunoni uuondoe kwa dati nyingine. Mimi niliuacha, Mama ana tumbo na tumbo linahitaji mahali pa kukaa. Mkono wa juu ulikuwa sentimita 43, na nguo inataka kama 5 za nafasi, wakati ruwaza ilikuwa na 41. Nikafungua mkono wa nguo kwa msalaba, wima na mlalo, nikapata 7 za upana bila kurefusha ule mshono unaoingia kwapani. Kichwa cha mkono kinashuka kidogo, na hiyo ni nafuu, maana mkono unainuka vizuri zaidi.

Mkasa mmoja zaidi, wa kwetu sisi watu wa mashine. Nilipeleka faili ya PDF kwenye saiba kuchapisha kwa karatasi za A4, nikaziunganisha kwa gundi usiku kucha. Asubuhi nikapima ule mraba wa kukagulia, ambao unatakiwa kuwa sentimita 10. Ulikuwa 9.7! Printa ilikuwa imeibana kurasa zitoshee karatasi. Asilimia 3 unaweza kuidharau, lakini kwenye 127 ni karibu sentimita 4, yaani nusu ya kazi yangu yote imeliwa na kisanduku kimoja ambacho mhudumu hakukiondolea alama. Tafadhali, pimeni mraba kabla ya gundi.

(Wanaouliza programu: ziko huria. Seamly2D ni ya kuchora ruwaza kwa vipimo na fomula, na FreeSewing ya Joost De Cock imeandikwa kwa JavaScript, unaingiza vipimo vya mtu nayo inachora. Nitaandika juu yake siku nyingine. Kwa blauzi hii nilitaka kukata karatasi kwa mkono ili nielewe.)

Merikani ya pili Mama aliivaa bila kusema kitu. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka ubavu, akainua mikono. Vifungo vilitulia. Nilikuwa nimeanza kupanga vifungo kutoka penye kilele cha kifua, kimoja pale pale, kisha vingine juu na chini yake. Wengi huanza shingoni na kile muhimu kikaangukia popote. Alikaa kitini, kwa sababu nguo ya kusimamia tu si nguo. Vikatulia bado. Akauliza, "Kitambaa cheupe umenunua?"

Nilikuwa nimenunua mita tatu za poplini. Ilichukua wikendi mbili, na kola nilifumua mara tatu. Ukiitazama kwa karibu utaona upande mmoja wa kola umechongoka kuliko mwingine, lakini hakuna anayemtazama Mama kwa karibu hivyo isipokuwa mimi.

Jumapili ya pili ya Februari alienda nayo. Sikuwepo, nilikuwa Nairobi, ila dada yangu alinitumia picha: akina mama ishirini hivi mbele ya kanisa, na Mama mstari wa kwanza, wa tatu kutoka kushoto, mdomo wazi anaimba. Leso hakuna. Jioni alinipigia simu akazungumza dakika kumi kuhusu hesabu za kikundi na bei ya mahindi, na mwisho kabisa, akiwa karibu kukata, akasema kuna rafiki yake mmoja anataka kupimwa, lakini kwa zile namba zangu, si za fundi.

Halafu akaongeza kwamba kwapa la kushoto linakaza kidogo akiinua mkono juu kabisa. Nimeangalia daftari. Bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia kwa karibu sentimita moja, na mimi nilikata pande zote mbili kwa karatasi moja. Nitalirekebisha kwenye toleo la pili. Merikani imebaki ya kutosha.