Mikanda ya Misuli

Nilikulia Oloipiri, wilayani Ngorongoro, nikichunga ndama. Riziki nimeipatia Unguja, katika maabara ya bahari, nikitambua spishi za salpa, viumbe laini wanaoelea, ambao mwili wao unaonekana hadi ndani. Wavuvi wakiwakuta wavuni huwamwaga pamoja na yavuyavu, ingawa kwa nasaba salpa wako karibu zaidi na sisi wenye uti wa mgongo.

Salpa akishatolewa kwenye fomalini na kusuuzwa, namlaza kwenye kisahani cha kioo chini ya hadubini. Taa naielekeza ubavuni, kwani ukimmulika kwa chini misuli inafifia. Kisha nahesabu mikanda ya misuli na kufuatilia ipi inakutana mgongoni. Pegea confoederata wa mnyororo ana minne, iliyogusana miwili miwili ikafanya herufi X mbili. Thalia democratica mpweke hujulikana kwa vijimkia viwili virefu vya nyuma.

Ugumu ni kwamba kila spishi ina maumbo mawili. Salpa mpweke huchipuza mnyororo wa salpa walioshikana, bila kujamiiana. Hao wa mnyororo ndio wenye jinsia, nao huzaa mpweke. Mzazi na mtoto hawafanani. Salpa fusiformis mpweke ana mikanda 9, wa mnyororo ana 6. Zamani waliandikwa kama spishi mbalimbali, mpaka Adelbert von Chamisso, mshairi aliyezunguka dunia kwa meli ya Rurik, alipochapisha ugunduzi wake mwaka 1819.

Wapo wanaoona inatosha kuandika “salpa” kwenye fomu. Sikubaliani nao hata kidogo. Kinyesi cha salpa huzama upesi, kikipeleka kaboni kilindini. Salpa fusiformis hushuka mchana na kupanda usiku. Thalia hukaa karibu na uso wa maji. Ukiwachanganya, hesabu ya kaboni imeharibika.

Baba aliponiuliza kazi yangu, nilimwambia ni kama yeye anavyomjua ndama ni wa ng’ombe gani hata kama rangi hazifanani.

“Hiyo naielewa, mwanangu. Malisho yao?”

“Mwani mdogo, baba, usioonekana kwa macho.”

“Na ukame huwafika?”

Huwafika. Mwani ukistawi, Thalia huongezeka kwa kasi ambayo wanyama wachache duniani wanaifikia. Ukipungua, nao hupukutika, na wavu hupanda bila hata mmoja.