Kifunguo Kilichopotea Bombani

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunaungama jambo moja, ili na nyinyi mjifunze.

Mnajua kwamba laptop ya shule ina majina ya watoto wenu na vijiji mlivyokimbia. Wapo wazazi waliotuambia, "Mwalimu, hilo jina lisifike kule." Ndiyo maana tuliifunga diski yote. Maandishi yamevurugwa kwa hesabu ngumu. Hata mwizi akiichomoa diski na kuitia kwenye mashine nyingine, hasomi kitu.

Cha kuifungulia ni kifunguo kidogo, mfano wa flashi, ila hakiweki faili. Ndani yake mna siri isiyotoka nje. Ukiwasha kompyuta, inakiuliza swali. Unaandika namba ya siri, unakigusa kwa kidole, nacho kinatoa jibu. Jibu hilo ndilo linafungua. Ukikosea namba mara 8, kinajifunga.

Basi, kifunguo hicho tulikivaa shingoni kwa kamba. Jumatatu moja, kwenye foleni ya maji, kamba ikakatika. Tulitafuta mpaka giza, tukapekua matope kwa mikono. Wapi! Na wiki ile ile wazazi walikuwa wanasubiri matokeo ya muhula.

Hapo tukakumbuka bahasha. Mfumo wa LUKS2 uliofunga diski yetu unakubali funguo hadi 32, na wowote mmoja unatosha kuifungua. Siku ya kuifunga, mwenzetu mmoja alitaka tuweke na ufunguo wa akiba, herufi 64, kwenye karatasi. Sisi wengine tulimcheka: nani ataandika yote hayo? Yeye aliandika, akatia kwenye bahasha, akampa mama mmoja mtu mzima aifiche sandukuni, mbali na laptop.

Mmoja alisoma, mwingine akabonyeza, herufi moja moja. Mara ya kwanza tukakosea. Mara ya pili ikafunguka, vigelegele! Kabla ya jambo lingine tukafuta nafasi ya kifunguo kilichopotea, ili atakayekiokota kisimfae kitu.

Wazazi, majina ya watoto wenu yako salama. Yule mwenzetu tumemwomba msamaha. Na nyinyi nyumbani, cheti cha mtoto na nakala yake visikae mfuko mmoja.

Ni sisi walimu wenu.